Mguu mtupu una nguvu, lakini udongo wa Masisi hauna huruma

KIBABI, MASISI – Katika vilima vya Masisi, mguu ndio gari la kwanza. Mama anashuka sokoni na mzigo wa maharagi, kijana anasukuma chukudu iliyojaa makala, mtoto anapanda na bidoni ya maji mgongoni. Wengi hawana viatu. Wengine wana kambambili moja tu, na tope likianza wanaivua na kuishika mkononi ili isikatike. Februari 2025, kambi za Bulengo na Lushagala karibu na Goma zilipovunjwa, familia nyingi za wahami zilirudi upande wa Sake na Masisi kwa miguu hiyo hiyo.

Ndiyo maana habari moja kutoka Ulaya na Marekani inaweza kuwachekesha watu wa hapa. Huko kuna wakimbiaji wanaotoa pesa nyingi kununua viatu vilivyotengenezwa ili mtu ajisikie kama hana viatu. Soli ni nyembamba, kisigino hakikuinuliwa, na sehemu ya mbele ni pana ili vidole vitanuke. Vingine vina nafasi ya kila kidole, kama glavu ya mkono.

Wanaovitetea wana sababu zao. Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe Bikila, askari wa Ethiopia, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, zaidi ya kilomita 42, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wakimbiaji wa Marekani na wa Kenya, wakiwemo Wakalenjini waliokua bila viatu. Waliona kwamba aliyezoea kukimbia hivyo mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na pigo linalopanda mwilini huwa dogo. Huko India, uchunguzi wa watoto 2,300 uliochapishwa 1992 ulionyesha kwamba nyayo bapa zilikuwa nyingi zaidi kwa watoto wanaovaa viatu kuliko kwa wasiovaa.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2013 watafiti wengine walichapisha habari za Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kutembea bila viatu. Walikuta wengi wao wanatua kwa kisigino wakikimbia mwendo wa kawaida. Bikila mwenyewe alivaa viatu katika Olimpiki ya Tokyo 1964, akashinda tena. Eliud Kipchoge wa Kenya, alipokimbia umbali wa marathoni chini ya saa 2 mjini Vienna, Oktoba 2019, alivaa viatu vya soli nene. Na mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vya vidole vitano, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani kuhusu faida za afya ilizotangaza, bila kukiri kosa.

Tena wale wakimbiaji wakiumia, nyumbani wana viatu vingine. Na barabara yao mara nyingi ni lami. Hapa mguu unakanyaga udongo siku nzima, na udongo una mambo yake.

Kwanza ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika tangu zamani: alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, akasambaa hadi Afrika Mashariki. Mtoto mwenye funza nyingi vidoleni anachechemea, anachekwa na wenzake, mwishowe haendi shule. Pili ni minyoo ya safura, inayopenya ngozi ya mguu na kunyonya damu tumboni, hata mtu anaishiwa nguvu. Tatu ni pepopunda, inayoingia kwa kidonda cha msumari au mwiba.

Kuna na ugonjwa wa nne ambao wengi hawaujui kwa jina: podokoniosisi. Miguu inavimba kidogo kidogo kwa miaka, ngozi inakuwa ngumu na yenye vinundu. Daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba chanzo chake ni chembe ndogo sana za udongo mwekundu uliotokana na volkeno, katika nchi za milima zenye mvua nyingi. Jirani zetu wa Rwanda walipochunguza nchi nzima walikuta wagonjwa katika wilaya zote 30. Upande wa mashariki wa Masisi nao umekaa juu ya mawe ya Nyamulagira. Ugonjwa huu hauambukizwi na wala si kurogwa. Anayefichwa nyumbani kwa aibu anaonewa bure.

Kinga yake haihitaji kiatu cha bei. Ni kuosha miguu kila jioni kwa maji na sabuni, kuikausha hata katikati ya vidole, na kuvaa kiatu kinachofunika mguu. Mafuta yanasaidia ngozi isipasuke. Sandali za mpira wa gari, ambazo Wakenya huziita akala, zinazuia mwiba na msumari, lakini vumbi na tope vinapita. Kwa shamba na mvua, bote ni bora, mradi zivuliwe usiku na kukauka.

Hapo ndipo maneno ya wale wakimbiaji yanafaa. Mguu wa mtoto unataka nafasi. Akinunuliwa kiatu cha mitumba sokoni, asimame nacho wima, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kinachobana kinaleta vidonda, na mtoto atakitupa arudi kwenye tope.

Misaada kwa wahami mara nyingi huhesabiwa kwa unga, mafuta ya kula na mahema. Kamati za wahami zinapoulizwa familia zinakosa nini, zinaweza kuandika pia viatu, kwa namba ya kila mtoto, pamoja na sabuni. Mama aliyefika kutoka Bulengo kwa miguu lazima aende shambani kesho kwa miguu hiyo hiyo.