Swali la tisa

Nimepotea kidogo, jamani. Nilikuwa namwandikia daktari wetu wa familia programu ndogo. Wagonjwa humjia wakilalamikia kichwa au kukosa usingizi, kumbe ni sonona. Basi huwapa maswali ya PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Ikifika 10, huchunguza zaidi.

Kujumlisha tu, nikajiambia. Kazi ya dakika tano! Chini ya 10 nikaweka kijani.

Daktari akaijaribu. Jumla 6, ila swali la 9 alijaza 3. Kijani.

“Kijana, huyu anawaza kufa karibu kila siku, na mashine yako inaniambia nimwache aende nyumbani?”

Niliona aibu, kwa kweli. Swali hilo nilikuwa nimelinakili bila kulisoma. Sasa jibu lake lolote lisilo sifuri huleta onyo jekundu, jumla iwe yoyote ile. Likitokea, daktari hufunga mlango na kuuliza mwenyewe: umeshapanga jinsi? Unaishi na nani? Nilitaka kuyaingiza hayo pia kwenye programu. Alikataa.