Hati za Shamba Haziingii Kaburini

Mimi ni karani wa Serikali hapa Nyeri, na kila siku hupokea majalada ya mirathi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakigombana mbele ya meza yangu hali udongo wa kaburi la baba yao haujakauka. Nilikuwa nikiwacheka moyoni, mpaka jambo hilo liliponifika mwenyewe.

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa mali: alikuwa na kahawa, ng'ombe wa maziwa, na nyumba za kupangisha huko Karatina. Alipougua sana aliniita, akaniamuru nifungue sanduku lake la bati nimsomee hati zake. Nikasoma moja moja, namba za viwanja na ukubwa wake, kama nisomavyo ofisini. Nilipomaliza alifumba macho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hakuna jingine la kunisomea?"

Nilinyamaza. Mimi niliyesomeshwa na misheni, niliyezihifadhi sala tangu utoto, sikuweza kutamka neno. Maana saa ile, nasema kwa aibu, nilikuwa nikihesabu kiwanja kipi kitaniangukia. Kulipopambazuka alikuwa amekwisha fariki.

Tangu siku hiyo namfikiri sana Sista Irene Stefani. Mtawa huyo wa Consolata alizaliwa Italia mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliwauguza wapagazi Waafrika huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Kisha akakaa Gikondi, akifundisha na kuwazuru wagonjwa kwa miguu. Tarehe 31 Oktoba 1930 alikufa kwa tauni, aliyoipata kwa kumwuguza mgonjwa. Hakuacha shamba wala ng'ombe. Lakini wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na tarehe 23 Mei 2015 umati mkubwa ulikusanyika Nyeri alipotangazwa Mwenyeheri.

Sisemi kwamba mali ni dhambi. Kahawa ile ndiyo iliyowasomesha watoto wa baba mdogo, na mimi pia. Nasema tu kwamba imani isiyotumiwa siku za uzima haipatikani kwa haraka kando ya kitanda, si kwa anayekufa, wala kwa anayemkalia.

Basi, ndugu yangu, leo ukiitwa kwa mgonjwa, utamsomea nini?