Habari Nilizozikalia

Mimi ni mchuuzi wa vyungu. Kwetu ni Ikombe, mbele kidogo ya Matema, pale Milima ya Livingstone inapotumbukia Ziwa Nyasa bila kuacha hata upenyo wa barabara. Mama zetu wa Kikisi hufinyanga kwa mikono mitupu, na vyungu vikishachomwa husafiri kwa mitumbwi, vimefungiwa majani, hadi gulio la Lyulilo. Hapo ndipo ninaponunua. Napandisha mzigo Tukuyu, nashusha kidogo Mwanjelwa pale Mbeya, na sehemu kubwa naileta Iringa ninakoishi. Lakini miaka mingi faida yangu haikutoka kwenye udongo. Ilitoka kwenye habari.

Wafinyanzi wana njia mbili za kuuza. Ya kwanza ni kwetu sisi wachuuzi wa barabarani. Ya pili ni meli, inayopeleka mzigo kusini: Lupingu, Manda, Liuli, hadi Mbamba Bay. Meli ikiwa njiani, bei yetu inapanda, maana mama anaweza kukuambia, "Acha, nitapakia." Meli ikiwa haijulikani iko wapi, atauza kwa unachompa, kwa sababu ana mtoto wa shule na chumvi imekwisha. Mimi nilikuwa na jamaa pale bandari ya Itungi. Meli ikitaka kung'oa nanga, nilijua kabla ya mwambao mzima. Nikawahi Lyulilo, nikanunua, nikafunga mzigo. Honi ikilia mimi niko zangu kwenye gari. Sikuona kosa lolote. Wenzangu walifanya hivyo hivyo, na aliyekuwa hana jamaa bandarini alionekana mzembe.

Ajabu ni kwamba nililelewa na kungoja meli. Enzi za MV Songea na MV Iringa, mtoto mmoja alitumwa kupanda mwambani achungulie upande wa Itungi. Akiona kitu cheupe kinasogea, alipiga kelele na kijiji kizima kikachangamka. Mchana tulipunga kanga. Usiku mtu alisimama ufukweni na karabai, akiiinua na kuishusha ili nahodha ajue kwamba hapa kuna mzigo, asipite. Gati hatukuwa nalo. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata, na mbuzi, magunia na wagonjwa wakapandishwa kwa kuvutwa mikono. Usiku wenye mvua karabai haikuonekana, na meli ilipita na taa zake zote tukiitazama.

Kilichonigeuza ni hadithi ya mwalimu mstaafu wa historia, mpangaji mwenzangu hapa Iringa. Jioni alipenda kukaa barazani na kahawa yake, na akishaanza vita vya Wajerumani, humnyamazishi.

Alisema mwaka 1914 ziwa letu lilikuwa na meli mbili zenye mizinga. Waingereza walikuwa na Guendolen, nahodha wake Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt. Manahodha hao walijuana vizuri, wakinywa pamoja kila walipokutana. Tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani. Simu ya maandishi ikafika upande wa Nyasaland, na Rhoades akapewa amri. Tarehe 13 Agosti akatokea Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akafyatua mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua akaja anafoka, akimuuliza rafiki yake kama amelewa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna vita. Alichukuliwa mateka akiwa bado na hasira za kuchezewa.

Nilicheka sana. Tena nilimsifu Rhoades. Nikamwambia Mwalimu, "Huyo ni mchuuzi mwenzangu, kawahi gulio."

Mwalimu hakucheka. Akaendelea na Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huo huo, lakini ilipita mbali sana kaskazini, na habari za Dar es Salaam zilichukua muda kupanda hadi Rungwe. Katikati ya Agosti, afisa wa Kijerumani pale Tukuyu aliandika barua kwa mkuu wa Kiingereza wa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, akimuuliza kwa adabu: je, nchi zetu zinapigana au hazipigani? Yaani alimuuliza adui kama yeye ni adui. Mwezi uliofuata majeshi yao yalikuwa yanauana Karonga.

Hapo kicheko kiliniishia. Kila nilipofika Lyulilo kulikuwa na mama mmoja au wawili walioniuliza, "Dada, umesikia lolote la meli?" Waliniuliza mimi, mnunuzi, mtu ambaye jibu la kweli lingemtoa hela mfukoni. Na mimi nilijibu, "Mimi sijui, wangu." Sikulala vizuri usiku ule.

Siku nyingine nikamdadisi zaidi: watu wa zamani, wasio na simu wala redio koli, walipashanaje habari na meli? Akanipeleka mbali, hadi Rasi ya Tumaini Jema. Meli za kampuni ya Kiholanzi zilizokwenda India zilitia nanga pale kuchota maji. Kabla ya Jan van Riebeeck kuanzisha kituo mwaka 1652, hapakuwa na karani wala posta, basi mabaharia walichonga jiwe, wakaandika jina la meli na tarehe, na chini yake wakaficha barua zilizofungwa kwa kitambaa chenye lami. Meli inayorudi nyumbani ilifukua, ikachukua barua za kwao, ikaacha zake. Kituo kilipokuwepo, moto uliwashwa usiku kwenye kilima cha Kisiwa cha Robben ili meli isipotee njia. Moto ndio niliuelewa haraka, ni karabai yetu ile. Jiwe lilinikaa kichwani zaidi, kwa kuwa jiwe halinunui vyungu.

Basi nikatafuta ubao. Nikaomba muuza duka mmoja pale gulioni auning'inize nje ya kibanda chake. Nikiwa Iringa nampigia simu: meli iko wapi, chungu kikubwa kimeuzwa kiasi gani Iringa, kiasi gani Mwanjelwa. Yeye anaandika kwa chaki. Wanaotoka kwa mtumbwi kurudi vijiji ambavyo mtandao hausomi wanabeba habari kwa mdomo.

Wachuuzi wenzangu walininunia. Mmoja alifuta ubao kwa kanga yake mbele za watu, akaniambia nimerogwa na wazee wa Iringa. Faida ya kila chungu ilipungua, hilo siwezi kulipamba. Ila sasa wafinyanzi wananiwekea vyungu vizuri, vile vyekundu vilivyosuguliwa hadi vinang'aa, badala ya kunisukumia vyenye nyufa. Na nikiagiza vyungu vya ukubwa fulani kwa ajili ya hoteli, navikuta tayari. Zamani nilikuwa nazunguka kwa kila mama kama mdai.

Mwalimu hapendi nikisema amenibadilisha. Anasema alikuwa anasimulia vita tu, na bado hajamaliza: anataka nisikie ya von Lettow-Vorbeck, aliyepita Njombe Oktoba 1918, akaendelea kupigana Kasama siku mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini, kwa sababu naye hakuwa na habari. Tarehe 25 Novemba ndipo alipojisalimisha Abercorn. Nimemwambia hiyo nitaisikiliza msimu wa mvua, biashara ikipoa.

Ubao upo hadi leo. Unaeleza meli na vyungu tu. Bei ya usipa, dagaa wa ziwa letu, siiandiki. Kwenye usipa bado sijaokoka, mniombee.