Besi ya Mtaa wa Narung'ombe

Redio yetu ilikuwa National ya bendi tatu, ya mawe manne makubwa, na kasoro yake niliigundua nje ya ukumbi wa DDC Kariakoo. Ndani dansi lilikuwa limekolea, sisi watoto tumejibana ukutani, na gitaa la besi likitugonga kifuani. Usiku wimbo uleule ukapigwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Besi hakuna. Mwimbaji kama kafungiwa ndani ya kopo la maziwa.

Nikamsumbua baba mpaka akaniruhusu kuipeleka kwa fundi, Mtaa wa Narung'ombe. Mzee yule hakuwa na kipimo zaidi ya sikio lake. Akafungua mfuniko, akaigusa kwa bisibisi kapasita iliyokaa mlangoni mwa spika. "Hii ndiyo inayokula besi yenu, mwanangu."

Ilikuwa ya mikrofaradi 100. Hesabu yake niliijua nikiwa mtu mzima: kwa spika ya omu 8, kapasita hiyo huminya kila sauti iliyo chini ya hezi 200 hivi, na nyuzi za besi zinaishi humohumo. Akaing'oa, akachomelea ya 470, na mpaka ukashuka hadi hezi 40 na kitu. Mimi nilichosikia ni kwamba hata matangazo ya vifo sasa yalisomwa na mtu mwenye kifua.

Halafu nikapata tamaa. Nikaichomoa spika, nikaifunga kwenye mdomo wa mtungi wa bibi. Besi ilijaa ua mzima! Bibi alininunia wiki nzima, na mawe yakawa yanaisha haraka, kazi ikawa kuyaanika juani juu ya bati.

Kilichobaki ni matoazi, ule mchakacho wa juu. Nikarudi kwa fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiyo haimo humu. Haijaja."

Alisema kweli. Kwenye masafa ya kati vituo hupangwa kila baada ya kilohezi 9, kwa hiyo sauti inayopenya haizidi sana kilohezi 4 na nusu. FM hubeba mpaka 15. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na vituo vingine vikafuata, matoazi yakaingia mjini yenyewe, bila risasi wala bisibisi. Meza za mafundi zikahamia kwenye redio za magari ya Japani, ambazo FM yake ilikuwa ikiishia megahezi 90. Zikahitaji kifaa cha kuyashusha mawimbi yetu ili ziyasikie.

Juzi nimeipeleka National ileile Kariakoo. Kijana akanishauri tuitoe mashine yote, tuweke bodi ya bluutuu na kadi. Bei yake ndogo, nusura nikubali. Akaigeuza, akainamia karibu na spika.

"Mzee, hii 470 nani aliweka?"