Mkate wa Sega

Katika mijadala yetu juu ya istilahi mpya sisi walimu wa Kiswahili tuna desturi ya kukimbilia maneno ya maabara, ya mahakama na ya ofisi. Jikoni hatuendi sana, na tukienda ni kwa ajili ya kula. Walakini ni jikoni ndiko unakoonekana waziwazi ufukara wa Kiswahili kinachotoka vitabuni peke yake. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa sekondari waniambie ute wa yai hufanywaje hata ukawa mweupe na mwepesi kama pamba. Walijibu kwa sauti moja: "Huchanganywa." Nikauliza juu ya unga na maji ya chapati: huchanganywa. Uji na sukari: huchanganywa. Ngeli walizijua zote, na upatanisho wa kisarufi haukuwasumbua hata kidogo. Lakini vitendo vyote vya jikoni walikuwa wamevitia katika kapu moja.

Mpishi yeyote wa Buyenzi, hata asiyejua kusoma, angaliwacheka. Unga wa chapati hukandwa, uji hukorogwa, mboga za majani hupekechwa kwa upekecho unaozungushwa baina ya viganja, ute wa yai hupigwa mpaka utoe povu, hamira huumua unga, na unga wenyewe huumuka. Kila kitendo kina mkono wake na chombo chake. Atakayevichanganya (hapo neno hilo linafaa) hataharibu sarufi tu, ataharibu na chakula.

Chakula kilichonifundisha mimi vitendo hivi si cha asili yetu. Ni ule mkate wenye vishimo vya mraba pande zote mbili, ambao wasemao Kifaransa huuita gaufre, Waholanzi wafel, na Waingereza waffle. Mjini Bujumbura utasikia watu wakisema gofri. Kwetu nyumbani uliitwa mkate wa sega, na jina hilo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya.

Marehemu baba yangu alizaliwa katika milima ya Burundi, mwana wa mtu aliyetundika mizinga ya nyuki mitini. Alishuka Usumbura, kama mji wa Bujumbura ulivyoitwa wakati huo, akiwa kijana, akapanga chumba Buyenzi, mtaa ambao wenyeji wake wengi ni Waislamu na ambao lugha ya uani na ya barazani ni Kiswahili. Ubelgiji ilikuwa imeitwaa nchi tangu mwaka 1916, na kijana asiye na elimu ya shule aliweza kubeba mizigo bandarini au kutafuta kazi ya jikoni. Baba alipata ya jikoni. Alianza kwa kuosha masufuria, na katika miaka ya 1950 akawa mpishi kamili katika nyumba ya familia moja ya Kibelgiji, ambayo sina haja ya kuitaja.

Kila Jumapili alasiri aliwapikia gofri. Alipika ishirini, thelathini, na wageni wakija arobaini. Sheria ya nyumba ile ilikuwa kwamba zilizo nzima huenda mezani. Zilizovunjika au kuungua ni za jikoni. Sasa, kama ajuavyo kila aliyewahi kuzipika, gofri ya kwanza hushika chuma na kutoka vipande vipande, kwa sababu chuma bado hakijapata joto na mafuta ya kutosha. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki yake. Wenzangu wengine wameniambia kwamba angaliweza kuvunja moja mbili kwa makusudi. Huenda, lakini hawakumjua baba.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, familia ile ilifunga virago upesi, na mshahara wa miezi miwili haukulipwa. Baba aliambiwa achague kitu kimoja katika vitu ambavyo havingechukuliwa. Palikuwa na sufuria nzuri za shaba, palikuwa na saa ya ukutani. Yeye akachagua chuma cha gofri. Mama, aliyekuwa akingoja fedha za kodi ya chumba, hakusema naye kwa siku kadhaa. Saa ile ingaliuzwa sokoni siku ile ile.

Chuma chenyewe ni mabamba mawili mazito ya kusubu yaliyounganishwa kwa bawaba, na kila bamba lina mkono mrefu wa kushikia, hata kikifungwa hufanana na koleo kubwa la mhunzi. Upande wa ndani mna safu za vinundu vya mraba, na vinundu hivyo ndivyo viachavyo vishimo mkateni. Vishimo si pambo tu. Huongeza eneo la mkate linalogusana na chuma cha moto, kwa hiyo sehemu kubwa hukauka na kupata rangi ya kahawia hali ndani hubaki laini. Tena huishika asali isitiririkie sahanini. Vyuma vya mikono mirefu vilitumika Ulaya tangu Zama za Kati, juu ya moto wa kuni, na mchoraji Pieter Bruegel alizitia gofri katika picha yake ya mwaka 1559 inayoonyesha mapambano ya Kanivali na Kwaresima. Moto wa kuni na jiko la makaa ni ndugu. Chuma kilipofika Buyenzi hakikuwa na ugeni wowote.

Baba alianza kazi mapema mchana. Vikombe viwili vya unga wa ngano uliochekechwa, vikombe viwili vya maziwa ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha hamira, vijiko viwili vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole, nusu kikombe cha siagi iliyoyeyushwa, na mayai matatu ambayo viini vyake hutengwa na ute. Hamira huamshwa kwanza katika maziwa yenye sukari. Maziwa yakiwa ya moto mno hamira hufa, na baba aliyapima kwa kutia kidole chake cha mwisho. Vitu vyote isipokuwa ute hukorogwa hata viwe rojo lisilo na madonge, kisha bakuli hufunikwa kwa kitambaa na kuachwa kwa muda wa saa nzima. Hamira hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoliumua rojo na kulijaza mapovu. Hapo ndipo ute hupigwa mpaka usimame, ukaingizwa katika rojo kwa mwiko, polepole, kwa kulikunjia rojo juu yake, wala si kwa kukoroga. Kwani ukikorogwa, hewa yote hutoka na jasho la mkono limepotea bure. Wanafunzi wangu wangalisema, "Huchanganywa."

Kisha chuma hupakwa mafuta kwa kitambaa safi kilichofungwa kijitini, huwekwa juu ya makaa, hugeuzwa, huwekwa tena, hata tone la maji likidondoshwa juu yake huruka. Rojo humiminwa, mabamba hufungwa, na mara mvuke hutoka pembeni kwa nguvu. Kufungua wakati huo ni kuupasua mkate mapande mawili, moja juu na moja chini. Subira yote ya pishi hili iko hapo. Mvuke ukipungua na sauti yake ikififia, mkate umeiva. Baba hakutazama saa, naye saa hakuwa nayo. Aliusikiliza mvuke, shingo kaiinamisha kidogo upande mmoja, na mtu akimsemesha hakuitika.

Siagi ilikuwa ghali. Siku moja mama alitia mawese mahali pake. Mkate ulitoka na rangi ya machungwa na harufu ya mchuzi, sisi watoto tukaufurahia mno, na baba akasema kwamba hicho ni kitumbua kilichovaa kofia ya Mzungu.

Sasa nirudi kwenye jina. Baba alisimulia kwamba siku ya kwanza alipoona kitu kile kikitolewa chumani, kabla hajajua neno lolote la Kifaransa la jikoni, alimwambia mwenziwe: "Hawa wanapika sega." Kwa mtoto wa mrina asali hapakuwa na jina jingine. Kuta nyembamba, vijumba vilivyopangana, rangi ya kahawia ya nta iliyokomaa: ni sega. Jina gofri alilitumia mbele ya matajiri wake tu, nalo alilivua pamoja na aproni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasomea ualimu, nilifungua kamusi ya asili za maneno ya Kifaransa kwa haja nyingine kabisa, jicho langu likaangukia gaufre. Neno hilo, na wafel, na waffle, yote yanarejea kwenye neno moja la kale la Wafaranki, na maana inayohusishwa nalo ni sega la nyuki. Katika Kifaransa chenyewe gaufre limetumika pia kwa maana ya sega. Wajerumani hadi leo huliita sega Wabe, ambalo ni jamaa wa neno lile lile. Nilikaa kitako. Mtu asiyejua kusoma, kwa macho yake tu, alikuwa amelifasiri neno la kigeni sawasawa kuliko ambavyo wengi wetu tungelifasiri kwa kamusi tatu mezani. Nilikwenda Buyenzi jioni ile ile kumpa habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema: "Kumbe na wao walikuwa na nyuki."

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia majina ya chakula hiki kama wengine wafuatiliavyo mpira. Nchini Sweden watu hula gofri tarehe 25 Machi, sikukuu ya Bikira Maria iitwayo Vårfrudagen. Ndimi za watu zikalivuta jina hata likasikika kama Våffeldagen, yaani siku ya gofri, nao wakaitikia kwa kupika. Wako walimu ambao wangalilisahihisha kosa hilo, na Wasweden wangalikosa siku tamu. Mwaka 1964, katika maonyesho ya dunia ya New York, Mbelgiji Maurice Vermersch aliuza gofri za Brussels zenye krimu na stroberi. Alipoona kwamba wateja wengi hawajui Brussels iko wapi, alizipa jina la Bel-Gem, na hata leo Wamarekani huziita gofri za Kibelgiji. Huko Ubelgiji mtu hutaja mji wake: iko ya Brussels, ya mstatili na nyepesi, iliyo jamaa wa karibu wa ile ya baba, na iko ya Liège, ya donge zito lenye chembe kubwa za sukari zinazoyeyuka na kuganda juu yake.

Juu ya kuandaa nina machache. Gofri hazipangwi moja juu ya moja, kwani mvuke wa ya chini huilainisha ya juu. Baba aliziegemeza wima ukingoni mwa ungo. Kwa matajiri wake zililiwa kwa uma na kisu, na sukari laini kama vumbi. Kwetu zililiwa kwa mkono, kwa asali, pamoja na chai ya tangawizi. Katika mwezi wa Ramadhani tulitumwa kwa majirani kabla ya adhana ya magharibi, kila mtoto na sahani yake iliyofunikwa kawa, na sahani haikurudi tupu: ilirudi na sambusa, ilirudi na tende, ilirudi na vitumbua. Wazee waliosema mwanzoni kwamba hicho ni chakula cha wakoloni walikuwa wa kwanza kuulizia kwa nini sahani imechelewa.

Jambo moja tu lilimkera mama. Katika kila pishi alimwekea baba gofri nzima, iliyo nzuri kuliko zote. Baba aliipokea, akamshukuru, akaivunja vipande vinne kabla hajaitia asali. "Baba watoto," mama alimwambia, "hapa ni kwako." Naye alijibu kila mara kwamba iliyovunjika huingia asali vizuri zaidi. Ni kweli huingia vizuri zaidi, nimejaribu.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na nilipoanza kulitumia pishi hili kama somo la msamiati, mwalimu mwenzangu alinipinga. Alisema kwamba lugha sanifu imekwisha kuzoea kutohoa: tuna keki, tuna biskuti, na hata sukari na meza zilitoka ng'ambo, basi gofri latosha, na maneno ya jikoni kwa baba yangu yabaki jikoni kwa baba yangu. Hoja yake ina uzito, wala sisemi gofri lifukuzwe. Lakini lugha hii hii ina mkate wa kumimina, ina mkate wa sinia, ina mkate wa mofa, na majina hayo hayakutungwa na kamati. Yalitungwa na watu waliokuwa wameutazama mkate.

Chuma kiko kwa dada yangu, Buyenzi. Mkono mmoja ulikatika, fundi akaunga kipande cha nondo. Mara ya mwisho niliwapeleka wanafunzi kumi na wawili uani kwake, kila mmoja na daftari, waandike vitendo vyote kama vinavyotokea. Mmoja wao, msichana hodari wa sarufi, aliuliza kama wingi ni mikate ya sega au mikate ya masega. Wenzake wakagawanyika, zikatolewa hoja za ngeli mbele ya jiko, nami nikaanza kueleza. Dada hakutungoja. Alikuwa amekwisha kufungua chuma, mvuke ukampita usoni, akamnyooshea yule msichana sahani.

"Wewe unataka mangapi?"

Nikawaambia waandike hivyo hivyo: mangapi.