Kikulacho Ki Kashani Mwako

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, methali hiyo nilikuwa nimekwisha kuitumia katika insha zisizo na idadi, na kila mara nilipata alama nzuri. Ilinibidi nirudi kwetu Mtangawanda, nifungue kasha la marehemu babu yangu, ndipo nilipotambua kwamba methali yenyewe sikuwa nimeielewa hata kidogo.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Mtangawanda ni bandari ndogo iliyoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Mtanga, katika lahaja zetu za kaskazini, ndio mchanga. Mashua zitokazo Lamu hupita katika mlango wa bahari uitwao Mkanda, zikiyavizia maji yajae, kisha hutia nanga hapo. Abiria wa mji wa Pate hushuka na kuendelea kwa miguu au kwa pikipiki. Pate yenyewe ni mji wa magofu ya enzi ya Wanabahani, na baina ya kuta hizo zilizobomoka wenyeji hupanda tumbaku. Babu yangu alikuwa mmoja wa wakulima hao. Katika uzee wake alihamia Mtangawanda ili awe karibu na mashua, akiwauzia mabaharia na wasafiri tumbaku ya kutafuna pamoja na tambuu.

Babu aliacha kasha la msaji. Ndani yake mlikuwa na juzuu kadhaa za Kurani, daftari la hesabu zake za tumbaku, na utenzi uliotungwa na mmoja wa wazee wetu, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, wino mweusi kwa mishororo na mwekundu kwa alama za vituo. Baina ya vitabu alikuwa akitia majani machache ya tumbaku iliyokauka barabara, ili harufu yake kali iwafukuze wadudu. Baada ya kufa kwake, bibi aliendelea na desturi hiyo. Kila mwaka, kaskazi ilipovuma na hewa kukauka, alilifungua kasha, akavitoa vitabu kimoja kimoja, akavipunga hewa uani, akakifukiza udi chumba kizima, akayatupa majani ya zamani na kutia mapya. Sikupata kumsikia akiieleza kazi hiyo kuwa ni uhifadhi wa nyaraka. Kwake ilikuwa ni usafi tu.

Likizo moja ya mwezi wa Aprili nilirudi nyumbani nikiwa na elimu mpya. Chuoni nilikuwa nimesikia kwamba mwanga wa jua hufifiza wino na kwamba kuzishikashika karatasi kuukuu huzichakaza. Hayo ni kweli. Lakini elimu nusu ni kama mashua yenye tanga bila usukani. Nilimkataza bibi asivitoe tena vitabu vile. Nilivifunga kila kimoja katika mfuko wa plastiki. Kwa kuwa niliwaogopa wadudu kuliko kitu kingine chochote, nilinunua furushi zima la tumbaku ya msimu huo, nikalijaza kasha mpaka likatapika, pasipo kuchunguza kama majani yamekauka sawasawa. Kisha nikalifunga kwa ufunguo, nao nikaenda nao Nairobi. Bibi hakubisha. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Masika ilinyesha, kusi ikavuma miezi yake yote. Niliporudi mwezi wa Desemba, bibi alinipokea mlangoni, akanishika mkono kabla hata sijatua mzigo. "Ndoo unuse," aliniambia. Harufu ilikuwa imeenea chumbani: si ya tumbaku wala ya udi, bali uvundo mzito kama wa kisima kilichoachwa. Nilipoinua kifuniko niliona majani yamefanya manyoya meupe na ya kijani. Chini yake mifuko yangu ya plastiki ilikuwa na matone ya maji ndani, na kurasa zilikuwa zimeshikana, zimejaa madoa ya kijani na meusi. Wino mwekundu ulikuwa umetambaa kama damu kwenye bendeji.

Sikujua la kufanya. Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja wa Dubai. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kulitunza sanduku la biri za tajiri huyo. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi hiyo ingeweza kuwa na maarifa. Mjomba aliniuliza kwanza kama ule ukungu una manyoya na kama una rangi. Nilipomjibu, akaguna. Alinieleza kwamba biri huhifadhiwa katika sanduku la mti wa aina ya mwerezi, lenye kipimo cha unyevu ndani. Unyevu ukipungua mno, majani hukauka na kupasuka. Ukizidi, huota kuvu. Yeye huuweka karibu na asilimia 70, na hutumia maji yaliyotoneshwa, si ya bomba. Zaidi ya hayo, hulifungua sanduku kila baada ya siku chache ili hewa ibadilike.

"Mwanangu," akaniambia, "sanduku la tumbaku ni sanduku la unyevu. Karatasi nayo yataka ukavu. Vipi umeviweka pamoja na kuvitilia kufuli?"

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu lilivyo. Kuvu huzaliwa na vijimbegu visivyoonekana, ambavyo vimo hewani kila mahali, Mtangawanda na Dubai pia. Havihitaji kualikwa, huhitaji unyevu, hewa iliyotulia na chakula. Jani la tumbaku ni chakula, karatasi ni chakula. Unyevu unaoifaa biri ni mwingi mno kwa karatasi. Majani machache ya babu, makavu, katika kasha lililofunguliwa kila mwaka, yalikuwa mlinzi. Furushi langu bichi, katika kasha lililofungwa, lilikuwa chemchemi, na mifuko yangu ikawa mitungi ya kuyahifadhi maji yake.

Kwa maelekezo ya mjomba tuliitoa tumbaku yote na kuichoma mbali na nyumba. Tulijifunga vitambaa puani na mdomoni. Vitabu tulivitandaza kivulini, upepo ukivipitia, wala hatukuthubutu kuyafuta madoa yakiwa bado mabichi, kwani kufuta kungeyasambaza. Kurasa zilipokauka kabisa, bibi alizipangusa kwa brashi laini huko nje, taratibu, mkono wake ukiwa imara kuliko wangu. Kasha tulilifuta kwa spiriti, tukaliacha wazi kwa majuma mawili.

Juzuu zilipona. Daftari la tumbaku lilipona. Utenzi ulipoteza kurasa tatu, ambazo zilikuwa zimegeuka uji na hazikuachana. Bibi alinitaka nilete daftari jipya. Akaketi, akafumba macho, akaanza kuzisoma beti zilizopotea kwa sauti ya utenzi, nami nikiandika. Alizikumbuka nyingi. Alipofika mahali fulani katika ukurasa wa mwisho alinyamaza, akaanza tena, akanyamaza. "Hizo alizijua babu yako," alisema. Niliacha nafasi ya beti nne, nayo ni tupu mpaka leo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuwalaumu wageni waliochukua miswada yetu, au kuwashukuru walioihifadhi huko London na Dar es Salaam. Ni nadra kujiuliza juu ya ile iliyobaki majumbani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na bibi mzaliwa wa Pate, haukutufikia kwa kufungiwa. Ulitufikia kwa sababu watu waliutoa, wakausoma na kuunakili tena na tena.

Kasha lingali Mtangawanda. Tumbaku sasa hukaa katika mkebe wake, mbali, kwa ajili ya wageni na tambuu yao. Utenzi nimeupiga picha na kuunakili mara mbili. Ufunguo umetundikwa msumarini karibu na mlango, kila mtu auone. Wenzangu mtakaokwenda makwenu kaskazi hii, fungueni makasha. Na kabla ya kumfundisha bibi namna ya kuhifadhi, muulizeni kwanza yeye huhifadhi vipi.