Ndege ya Fedha Katika Kilima cha Mulago

Msafiri anayetoka katikati ya jiji la Kampala kwenda Mulago hupanda taksi, yaani yale magari madogo ya abiria ambayo sisi huku Tanzania tumezoea kuyaita daladala. Gari hupita Wandegeya, mahali penye pilikapilika za wanafunzi, wauza chapati na wachoma nyama. Ng'ambo moja ya bonde kuna kilima cha Makerere, makao ya chuo kikuu; ng'ambo ya pili kuna kilima cha Mulago, makao ya hospitali kuu. Katikati, bondeni, kumejaa nyumba ndogo zilizosongamana za mtaa uitwao Katanga. Juu ya mapaa huelea wale ndege wakubwa wenye vipara ambao Waganda huwaita kalooli, wakitazama majalala kama makarani wanaokagua hesabu.

Jina la Mulago halitengani na tiba. Hospitali ilianzishwa hapa mwaka 1913, na mganga Mwingereza Albert Cook ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake. Majengo makubwa ya hospitali mpya yalifunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipojipatia uhuru. Hapa ndipo daktari Denis Burkitt alipowachunguza watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika ugonjwa huo mwaka 1958, na hadi leo waganga wa dunia nzima wanauita kwa jina lake. Mgeni akitembea kidogo kutoka hospitalini huweza kufika katika Jumba la Makumbusho la Uganda, ambalo limekuwa katika kilima cha Kitante tangu mwaka 1954. Basi ni ujirani mwema: upande mmoja watu wanatunza uhai, upande wa pili wanatunza kumbukumbu.

Katika safari yangu nilifikia kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufuaji hospitalini. Nyumba yake ni ya matofali, ina baraza pana na ua wenye mfenesi mkubwa. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alikuwa ameitwaa baraza nzima na kuifanya karakana. Juu ya meza kulikuwa na msasa, wembe, rula, pamba, vipande vya mbao laini na mkunjo wa karatasi ya alumini, ile ambayo mama wa nyumbani hufungia nyama au samaki kabla ya kumtia jikoni. Kijana alikuwa akiunda mfano wa ndege ya kutupa mabomu ya Marekani iitwayo B-29, auoneshe katika maonesho ya shule.

Kwa nini karatasi ya alumini na si rangi? Jibu limo katika historia. Katika miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili, ndege za jeshi la Marekani zilipakwa rangi za kujificha. Kuanzia mwanzoni mwa mwaka 1944 ndege nyingi zilitoka viwandani bila rangi, zikiwa na mng'ao wa bati lenyewe. Rangi ina uzito wake, inapunguza mwendo kidogo, na kuipaka kunakula siku na fedha. Tena adui alikuwa amekwisha kupungukiwa nguvu angani. Ndiyo maana B-29 nyingi zinaonekana katika picha ziking'aa kama fedha. Fundi akipaka rangi ya fedha juu ya mfano wake, hupata rangi tu. Akiufunika kwa alumini halisi, hupata bati linaloshika mwanga wa jua kama lile la ndege yenyewe.

Kijana alichagua kipimo cha 1 kwa 72, maana yake kila sentimeta 72 za ndege halisi zinakuwa sentimeta 1 ya mfano. B-29 ilikuwa na upana wa mita 43 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na urefu wa mita 30. Hivyo mfano wake ulikuwa na upana wa karibu sentimeta 60 na urefu wa sentimeta 42. Alikichonga kiwiliwili kwa kisu na randa ndogo, akakata mabawa, akayaunga kwa vijiti vilivyopita ndani ili yasilegee. Mapangaboi ya injini nne, kila moja lenye makasia manne, aliyakata katika kopo la soda. Vioo vya puani vilitokana na chupa ya maji ya plastiki.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Karatasi ya alumini ni nyembamba kuliko unywele, na haifichi kitu. Chembe moja ya vumbi ikibaki chini yake itaonekana kama kipele. Mkwaruzo wa msasa utaonekana kama kovu. Kwa hiyo mbao ilisuguliwa, ikapakwa vanishi, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa tena kwa msasa laini, hata ikawa kama yai. Msomaji anayetaka kujaribu na afuate utaratibu huu. Chagua gundi inayobaki na unato baada ya kukauka. Ipake nyembamba sana upande mmoja wa karatasi, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya harufu, na uingoje hadi iache umajimaji. Kisha kata kipande kidogo, kisichozidi bamba moja la ndege halisi, ukilaze mahali pake, nawe ukisugue kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kingo zikatwe kwa wembe mpya. Wembe butu huchana. Penye mviringo, kama puani, tumia vipande vyembamba, la sivyo karatasi itajikunja.

Kuna siri nyingine ambayo kijana alinionesha kwa furaha. Karatasi ya alumini ina upande unaong'aa na upande uliofifia, kwa kuwa kiwandani, katika hatua ya mwisho, karatasi mbili hupitishwa pamoja kati ya magurudumu ya chuma. Upande unaogusa chuma hung'aa, na upande unaogusa mwenzake hufifia. Tena ina mistari myembamba sana ya kiwandani. Ukilaza kipande kimoja mistari ikielekea mbele, na cha pili ikielekea kando, kila kimoja kinaurudisha mwanga kwa namna yake, na macho yanaona mabati yaliyoungwa mbalimbali, kama ilivyo katika ndege ya kweli.

Mzee alikuwa akiyatazama haya yote kutoka kitini pake, hasemi kitu. Siku ya tatu alisema, “Mwanangu, kinang'aa kama sufuria ya arusi. Lakini sufuria inapika. Hiki kinafanya nini?”

Kijana akajibu, “Jjajja, ni mfano tu.”

“Mfano wa nini?” akauliza mzee. Halafu akaagiza kwamba kitu hicho kisiingizwe sebuleni mwake.

Niliielewa huzuni yake, maana mimi ni mwenyeji wa Mwanza. Wazazi wetu wametusimulia mara nyingi habari za tarehe 29 Machi 1979, wakati wa vita kati ya Tanzania na utawala wa Idi Amin. Siku hiyo ndege ya mabomu ya Libya, aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga ghala la mafuta la Mwanza. Ilikosa shabaha. Mashambulizi yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, mahali pa kutunzia wanyama, yakaua swala. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta upande wa Uganda. Kampala yenyewe ilitekwa tarehe 10 na 11 Aprili. Saanane leo ni hifadhi ya taifa, na watoto wa shule huvuka kwa mashua kwenda kutazama wanyama na mawe. Mzee alinisikiliza, kisha akasema kwamba siku zile yeye alikuwa kijana, na aliyekuwa chini hakuuliza ndege ni ya nani wala ni ya aina gani. Aliangalia juu tu. Tulikaa kimya kitambo, yeye mtu wa upande huu wa ziwa na mimi mtu wa upande ule.

Ndege aliyoichagua kijana ina historia nzito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, B-29 nyingi ziliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto, wakafa watu wapatao 100,000. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo, B-29 moja ilitupa bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Rubani wake, Paul Tibbets, alikuwa ameiita ndege hiyo Enola Gay, kwa jina la mama yake mzazi. Hadi mwisho wa mwaka ule, waliokufa Hiroshima walikadiriwa kufikia 140,000. Wala jambo hili halikuwa mbali na Afrika. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ya mabomu hayo ilichimbwa katika mgodi wa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga huko Kongo, jina lile lile la mtaa ulioko bondeni chini ya Mulago.

Hata Wamarekani wenyewe walishindwa kupatana namna ya kuionesha Enola Gay. Jumba la makumbusho la Smithsonian lilipoandaa maonesho ya miaka 50, mwaka 1995, lilitaka kueleza pia yaliyowapata watu wa Hiroshima. Maveterani na wabunge wakapinga vikali, mpango ukafutwa, yakafanywa maonesho madogo zaidi. Tangu mwaka 2003 ndege hiyo nzima, iliyosuguliwa ikang'aa, imewekwa katika jumba la Udvar-Hazy huko Virginia. Basi ugomvi wa baraza ya Mulago ulikwisha kuwapata wakubwa kabla.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisini, na mwalimu haachi desturi yake. Nilimwambia kijana, “Umechukua kipimo cha 1 kwa 72. Haya, usikiachie njiani. Kipeleke mpaka chini.”

Akachukua daftari. Mtu mzima wa kimo cha mita 1 na sentimeta 70 akawa sentimeta 2 na nusu kasoro kidogo, mfupi kuliko kiberiti. Ndege iliruka kwenye mita 9,500 hivi. Katika kipimo chake ingekuwa mita 130 juu ya ua wao. Bomu lililipuka yapata mita 600 juu ya mji. Hizo zikawa mita 8 na kidogo, karibu na kilele cha mfenesi. Kisha akafika kwenye hesabu ya mwisho. Eneo lililoangamizwa karibu lote lilienea kama kilometa 1 na nusu na zaidi kutoka katikati. Katika kipimo cha mfano, ni mita 22 kila upande.

Akaleta kamba ya kuanikia nguo, akapima mita 22, akaifunga shinani mwa mfenesi na kuanza kuzunguka. Duara ilipita nyuma ya jiko, ikameza nyumba, kisima na banda la kuku, ikavuka uzio, ikaingia katika ua wa jirani mahali watoto wawili walipokuwa wakimenya ndizi. Kijana alisimama pale na ncha ya kamba mkononi, akiwatazama. Mzee alikuwa ameinuka. Alimfuata mjukuu wake nyayo kwa nyayo mzunguko mzima, akiwa na fimbo yake, bila kunena neno.

Jioni ile kijana alichora ramani ya ua wao katika karatasi kubwa, akaitia duara, akaandika hesabu zote pembeni. Chini yake aliongeza maneno machache juu ya kilima chao wenyewe, kwamba elimu ya atomu ina mkono wa pili: hapa Mulago mionzi hutumika kuwatibu wagonjwa wa saratani. Mashine ya pekee ya tiba hiyo nchini Uganda ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa walihangaika mno, hata mashine mpya ilipoanza kazi rasmi mwaka 2018. Mzee alivaa miwani, akaisoma ramani kwa kidole, mstari baada ya mstari. Akasema ndege inaweza kuingia sebuleni, mradi karatasi ile itundikwe juu yake, na popote ndege itakapopelekwa karatasi iende nayo.

Wazazi na walimu wanaosoma ukurasa huu wataniuliza kama ni vyema watoto waunde mifano ya silaha. Kazi hii inafundisha hesabu, subira na usafi wa mkono, na mkunjo mmoja wa karatasi ya jikoni watosha ndege nzima na chakula cha Jumapili. Lakini mtoto akishapima mabawa, mpeni na kamba.